Mpera wa Kando ya Nyumba

Nikikutana na harufu ya mapera sokoni, naona tena asubuhi ile baba alipoukata mpera wa kando ya nyumba yetu. Kapita, msimamizi wa kilimo cha pamba, alikuwa amesema kivuli chake kinaharibu shamba la serikali, na atakayekataa kukata atachapwa fimbo. Baba akachukua shoka, akaukata.

Siku ileile mdogo wangu, aliyekuwa bado ananyonya, akaanza kuhara. Dawa tuliijua sote: majani machanga ya mpera huchemshwa, na mtoto hunyweshwa maji yake kidogo kidogo. Majani yalikuwa mlangoni, mabichi, rundo zima. Nikachuma, nikampelekea mama.

“Rudisha,” alisema. “Dawa tunaiomba kwa muti wenye iko muzima. Ule tumeuua.”

Baba akatoka kutafuta mpera mwingine. Alirudi jioni mikono mitupu. Vijiji vyote vya barabarani vilikuwa vimekata mipera yao kwa amri ileile.

Mapera yaliendelea kuiva kwenye mti ulioanguka. Harufu yake tamu ilijaa nyumba, nasi tulikaa chini matangani, mkeka wa mtoto umekunjwa.