Nilimtoa mdogo wangu kwenye tiba ya kucheza, vidole vyake vikajikunja tena

Wakuu, poleni na majukumu. Hili ninalolileta hapa linaniaibisha, ila ni langu na sitalitia chumvi.

Sisi ni wa Ujiji. Mdogo wangu, nimwite Zuhura, alinusurika boti ilipozama ziwani. Mumewe hakurudi. Yeye alielea kwa kukumbatia dumu tupu mpaka wavuvi wakamwokoa.

Toka siku ile vidole vyake vilijikunja, kama bado kashika dumu. Hospitali wakasema mifupa ni mizima. Kazi yake ya kuanika dagaa ikafa, hata chai tukawa tunamnywesha.

Eda ilipoisha, jirani akampeleka kwa mama mmoja mshauri huko Kigoma mjini. Niliambiwa ni ushauri nasaha, nikaruhusu.

Wiki kadhaa baadaye akaanza kushika kikombe mwenyewe. Nikafurahi, sikuuliza zaidi.

Siku moja barazani kwenye kahawa, jamaa akanichokoza: "Shemeji yako hata mwaka hajatimiza tangu azame, dada yako anakata mauno mjini." Wakacheka. Wakuu, niliungua.

Nikaenda. Nikakuta wanawake saba wanayumba taratibu kwa mdundo wa ngoma ndogo, wanakunjua mikono kama wanatandaza dagaa mchangani. Zuhura kafumba macho, vidole vimefunguka vyote.

Niliviona. Lakini kichwani nilikuwa na kile kicheko cha barazani.

Nikamvuta mkono mbele za watu. "Huna haya? Mumeo angekuona?"

Yule mama akasema kwa upole, "Baba, mwache amalize. Hii siyo sherehe, bado tunamtoa ziwani."

Nikamjibu ya familia hayamhusu.

Tunafika nyumbani, ngumi za Zuhura zimeshajifunga.

Nikamwendea sheikh wetu nikitegemea ataniunga mkono. Akauliza, eda imeisha? Imeisha. Ni wanawake watupu? Ndiyo. "Sasa ulikuwa unamlinda nani?"

Nikavaa viatu nikatoka.

Wiki iliyopita nilimwomba Zuhura radhi, nikamwambia arudi, nitampeleka mwenyewe. Akanijibu huku anaangalia ukuta: "Kaka, sasa hivi nikifumba macho sisikii ngoma. Nakusikia wewe."

Majuto ni mjukuu, wakuu. Mgonjwa wako akipona kwa njia usiyoielewa, uliza kabla hujashika mkono wa mtu.

Mwenye kujua namna ya kumrudisha aandike hapa chini. Wa kunisema pia aniseme, nitasoma yote.

Nikimaliza kumnywesha chai.