Tarumbeta la Onesphory Lapata Meno

Saa kumi na moja jioni, katika ukumbi mmoja jirani na Mtaa wa Msimbazi, Onesphory Komba anageukia ukutani, anayaweka sawa meno yake kwa kidole gumba, kisha anapeleka tarumbeta mdomoni. Wenzake wa bendi ya wafanyakazi wameshusha ala zao, wanamtazama kama watu waliofiwa. Sauti inatoka, nene, ndefu, haitetemeki. Mpiga gita anaruka: "Ndugu yetu karudi!"

Mchana Onesphory ni kuli wa Bandari ya Dar es Salaam. Jioni, tangu alipotoka Songea akiwa kijana, ni mpiga tarumbeta. Kazi ya kwanza inamlisha. Ya pili, anasema, "ndiyo inayoniamsha kwenda hiyo ya kwanza."

Mwaka jana nusura aikose hiyo ya pili. Fizi zilivimba, zikatoka damu, na meno manne ya mbele yakaanza kucheza. Akatumia dawa ya wapiga tarumbeta wa Kariakoo: kusukutua maji ya chumvi na kukandamiza tarumbeta kwa nguvu zaidi, eti meno yatulie. Kila alivyokandamiza ndivyo yalivyolegea, hadi daktari wa meno, Angelina Mrope, akayang'oa yote manne.

"Nilimuuliza, daktari, sasa nitapulizia nini? Akanijibu, utapuliza, ila fizi zipone kwanza. Ukiziharakisha, meno ya bandia hayatakaa."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wiki ya pili kulikuwa na harusi Ilala, naye akajitia kupiga wimbo mmoja tu. Kidonda kikafunguka, shati jeupe likalowa damu mbele ya maharusi. Daktari alimkemea kama mtoto wa darasa la pili, na kusubiri kukaanza upya. Bendi ikamwita Bakili, kijana wa Mtwara, akalie kiti chake.

"Majirani walidhani nimepata raha, kelele zimekwisha," anasema mkewe, Hyasinta. "Raha gani? Mume wangu alikuwa analifuta lile tarumbeta kila jioni, halafu analirudisha uvunguni."

Fizi zilipopona, siku ya kujaribu meno ya bandia, alilibeba tarumbeta hadi hospitalini. Daktari akamtaka aseme chochote, asikie kama yanabana. "Sikuja kusema," akajibu, akapuliza palepale kitini. Wagonjwa waliokuwa nje kwenye benchi walicheka, na bibi mmoja akapiga vigelegele. Onesphory alilia, wala hafichi.

Siku hizi akilala huyavua na kuyatia kwenye bilauri ya maji, na fizi huzisafisha taratibu asubuhi na jioni. Jumamosi anarudi jukwaani. Amemwomba kiongozi wa bendi asimwondoe Bakili, kwani matarumbeta mawili yatanoga zaidi. Ila kijana amepewa sharti.

"Juzi nimeona damu kwenye tarumbeta lake," anasema. "Akanicheka, eti ndiyo kawaida yetu. Nikamwambia, mdogo wangu, Jumatatu asubuhi tunaenda wote kwa daktari. Wakati wa kwenda ni sasa, meno yote ungali nayo."