Agar, muuguzi anayembeba mtoto ambaye kaburi lake limeshafukiwa

Ukungu bado umelala juu ya vilima vya Butembo, na Agar anagawa dawa wodini kwa mkono mmoja. Mkono wa pili umetulia kifuani, juu ya kitenge alichojifunga mara mbili ndani ya koti lake la kazi. Kila baada ya vitanda kadhaa anasimama, anainamisha kichwa na kusikiliza. Kisha anaingiza kidole kwenye kitenge, anagusa kitu, anangoja kidogo, halafu anaendelea na kazi.

Asiyemjua hudhani mama huyu wa miaka hamsini na mbili ni mjamzito, na mlinzi wa lango hachoki kumtania.

"Mama Agar, hii mimba yako itaisha siku gani?"

"Siku itaisha, weye njo utakuwa baba," Agar anamjibu kwa Kiswahili cha huku, ambacho 'ndiyo' na 'ndiye' husema 'njo', akipita bila kupunguza mwendo.

Ndani ya kitenge mna mtoto wa kike aliyezaliwa kabla ya kutimiza miezi saba tumboni. Alipowekwa kwenye mizani alikuwa na gramu mia tisa. Amevaa soksi ya mtu mzima kichwani, na mwili wake wote unafunikwa na viganja viwili vya Agar.

Watoto njiti wa kiasi hiki husahau kupumua. "Anavuta hewa muzuri, halafu ananyamaza, sawa mutu anasikiliza kitu inje ya mulango," Agar anaeleza. "Namugusa unyayo, anarudia. Siku ingine anakawia. Njo pale naogopa."

Ni mwaka 2002, na Butembo ni baridi kuliko wageni wanavyodhani. Kituo hiki cha afya kina mashine moja ya kuwatunzia watoto njiti joto, lakini imefunikwa shuka tangu mafuta ya jenereta yalipokwama kwenye vizuizi vya askari, barabara ya Beni. Chupa ya mwisho ya oksijeni imekwisha. Agar hajaona mshahara wa serikali tangu vita vianze, na familia za wagonjwa humlipa kwa maharage au ndizi, zile zinazoweza. Kilichobaki cha kuwapasha watoto joto ni vifua vya akina mama.

Ndipo lilipo tatizo la mtoto huyu. Mama yake yupo, mzima, kwenye kitanda cha dirishani, na hataki kumgusa.

Anaitwa Kahindo, ana miaka kumi na tisa. Alikimbia kutoka upande wa Manguredjipa pamoja na mumewe, Mathe, na mama mkwe wake, Godelive, baada ya watu wenye silaha kuchoma kijiji chao. Walitembea porini kwa siku nyingi. Uchungu ulimshika njiani, akajifungua siku ileile walipofika mjini.

Dokta Blaise, daktari wa kituo, hakuwaficha kitu. Mzaliwa wa Kisangani, aliletwa hapa kikazi kabla ya vita, na vita vikamfungia barabara ya kurudi kwao. Aliwaambia wazazi kwamba watoto wadogo hivi, bila oksijeni, wengi hawabaki.

Kwa hiyo Godelive alishauri mtoto asipewe jina kwanza. Kwa Wanande, kabila la familia hii, majina hufuata mpangilio wa kuzaliwa: msichana wa kwanza ni Masika, wa pili ni Kavira. Bibi alitaka kuona kama huyu amekuja kukaa ndipo amhesabu.

Mchana mmoja wiki iliyopita, mtoto alinyamaza na hakurudi. Agar aligusa unyayo, akasugua mgongo. Dokta Blaise akampulizia hewa kwa mpira mdogo wa kubonyeza, kisha wote wawili wakasikiliza moyo kwa zamu. Hawakusikia kitu. Daktari akawapa pole.

Hapo Kahindo aligoma. Alisema mtoto wake hatazikwa kama kitu kisicho na mwenyewe. Akamwinamia sikioni, akamwita "Masika" mara moja, kisha akamkabidhi kwa mama mkwe amfunge kitambaa.

Mathe alikwenda kuchimba kaburi katika shamba la ndugu, ng'ambo ya uwanja wa ndege wa Rughenda. Godelive alikaa kwenye benchi la nje akimngoja, furushi mapajani, na jua la mchana likiwapiga wote wawili.

"Kitambaa ikatikisika," anasimulia bibi huyo, bila kupaza sauti. "Nilizania panya aliingia ndani. Nikafungua nimufukuze. Nikaona mudomo inafunguka."

Dokta Blaise ana maelezo, na anayatoa bila kujitetea. Mtoto aliyepoa sana, anasema, moyo wake unaweza kupiga polepole na kwa udhaifu hata sikio lisiupate. Jua lilimpasha joto, naye akaamka. "Nilikosea," anasema. "Bado naisikia ile kimya mu masikio."

Lakini Mathe alikuwa ameshamaliza kuchimba, na katika familia hii kaburi lililochimbwa haliachwi wazi, maana litamtafuta wa kulijaza. Godelive akaamuru ukatwe mgomba, kipande cha urefu wa mtoto. Wakakifunga kwa kitambaa kilekile, wakaomba, wakakizika. Na kwa kuwa jina lilikuwa limeshatamkwa kwa ajili ya kaburi hilo, kipande cha mgomba ndicho kilichokwenda nalo.

Kwa hesabu ya familia, Masika amezikwa. Aliye hai ni mtoto wa pili, na jina lake ni Kavira.

Daktari alidhani mambo yameisha vizuri. Yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza. Kahindo alipoletewa mtoto aligeukia ukutani.

"Ule nilimupa jina, nilimuzika," anasema, macho yakiwa kwenye kioo cha dirisha. "Huyu sijue ni nani. Alitoka wapi?"

Maziwa anakamua. Anajaza kikombe, anakinyoosha nyuma ya mgongo wake bila kugeuka, na Agar anakipokea. Ni jambo la kuumiza kulitazama.

Hivyo Agar amekuwa kifua cha mtoto huyu. Anapokwenda kupumzika, Kavira hubaki katikati ya chupa za maji moto zilizofungwa matambara, na kila mara hukutwa amepoa kidogo. Anapungua uzito. Agar ana wodi nzima ya kuhudumia, na kifua chake hakitoshi.

Naye si kwamba haogopi. "Niko mukristo, na maneno ya dokta nilisikia," anasema. "Mais, lakini siku moja alifungua macho hapa kifuani, akaangalia nyuma ya bega yangu. Aliangalia sana. Nikageuka. Hapana mutu."

Dokta Blaise anamkumbusha kwamba watoto wa umri huo hawaoni mbali.

"Njo vile, dokta," Agar anakubali. "Lakini niligeuka."

Asubuhi hii daktari amewaita wote kando ya kitanda cha Kahindo. Ana swali moja, na anataka jibu kabla mtoto hajanyamaza tena: safari ijayo, wampulizie mpaka lini? Anawaeleza kwamba hata akibaki hai, huenda macho au akili vitakuwa vimeumia kwa kukosa hewa. Anawaeleza pia kwamba huenda akawa mzima kabisa.

Mathe anazungusha kofia yake mikononi. "Dokta, weye njo unajua."

"Hapana, papa. Ningejua, singewauliza."

Godelive anatikisa kichwa. "Ataendelea kunyamaza. Mukubwa wake iko anamuita. Mukubwa anaita mudogo wake, hata mu nyumba iko vile."

Mwandishi wa habari hii, aliyekuja kuuliza habari za mafuta na oksijeni, alisikia baridi ikimpanda mgongoni, na haikuwa ile ya ukungu.

Kisha Kahindo anageuka kutoka ukutani. Anamtazama Agar, si mtoto.

"Mama Agar, akinyamaza, weye unamuita namna gani?"

"Simuite. Namugusa tu unyayo."

"Donc, basi kule kuko mutu anamuita," Kahindo anasema polepole, "na huku hapana hata moja."

Anafungua vifungo vya blauzi. "Mulete."

Agar anafungua kitenge. Katika kumhamisha, hewa ya wodi inampiga mtoto mgongoni, naye ananyamaza. Kifua hakipandi. Midomo inaanza kubadilika rangi. Dokta Blaise anaunyakua mpira wake, lakini Kahindo amekwisha kumlaza mwanawe kwenye ngozi yake na kumfunika kwa mikono yote miwili.

"Kavira," anaita.

Mtoto hatikisiki. Godelive amefumba macho.

"Kavira! Weye, Kavira, mutoto wangu. Kuya kwa mama."

Mgongo mdogo unajikunja, unashtuka, na hewa inaingia. Mathe anakaa chini sakafuni palepale, kofia ikimdondoka. Daktari anageuka upande na kujifuta uso kwa mkono wa koti, na hakuna anayejifanya hakumwona.

Swali lake bado lipo, na safari hii analiuliza kwa sauti ya chini. Kahindo anajibu akiwa amemtazama mtoto.

"Mumuite kwanza. Mupulize ile mupira yenu, na muendelee kumuita jina. Kama alikataa kuitika, musimukokote. Mumuache kwa kifua yangu mupaka aende."

Mathe anaitika kwa kichwa. Dokta Blaise anawaambia wauguzi wote wa zamu wasikie, na kwamba ndivyo itakavyokuwa.

Agar anabaki na kitenge mkononi. Kuanzia leo atagawa dawa kwa mikono miwili, ingawa baada ya vitanda vichache tayari amesimama tena, kichwa ameinamisha, kabla ya kukumbuka na kucheka. Anasema ana mpango wa kuiombea wodi jiko la makaa kwa ajili ya akina mama, maana mafuta ya Beni hayana siku ya kufika.

Je, anaamini kwamba Kavira ana dada?

Anafikiri kwanza. Kutoka kitanda cha dirishani Kahindo anasikika akilirudia jina, tena na tena, kwa sauti ndogo.

"Kila siku naombea batoto wote wa hapa kwa Mungu," Agar anasema. "Kwa huyu naongezaka neno moja. Naomba Masika angoje. Angoje mupaka mudogo wake azeeke."