Kopo la Unga wa Samaki

Mwili ninao, sijawahi kuuficha, na hata ningetaka nisingeweza. Kliniki waliponiambia nina sukari, dada yangu anayekaa Njiro aliniletea kopo la unga wa samaki. Kijiko kimoja kwenye maji kabla ya kula, akasema, na sukari itatulia. Nikanywa. Ila kila asubuhi nilimeza pia vidonge vya kliniki, nikapunguza ndizi, na shambani nikawa naenda kwa miguu. Baada ya miezi michache sukari ikashuka.

Hapo ndipo mdomo wangu uliponiponza. Jumapili moja nilisimama kanisani kutoa ushuhuda, nikamshukuru Mungu na unga wa samaki. Vidonge sikuvitaja. Nani anapigiwa vigelegele kwa kumeza vidonge? Baada ya ibada, kwenye mnada wa sadaka, katikati ya mayai na mikungu ya ndizi, kopo jipya nililolitoa liligombewa kuliko jogoo. Alilipata mama mdogo, mdogo wake marehemu mama, anayeishi Maji ya Chai, naye ana sukari kama mimi. Waliolikosa wakaniomba niwaagizie. Nikawaagizia, tena kwa furaha, mjinga mimi.

Jumatatu hii nilikwenda kumsalimia mama mdogo. Nilimkuta amekaa nje, mguu mmoja juu ya kigoda, kidole kimefungwa kitambaa. Alijichoma shambani, akasema, wala hakusikia maumivu. Sasa ni wiki ya tatu na kidonda hakifungi. Nilifungua kile kitambaa, nikatamani nisingekifungua.

Nikamuuliza kuhusu dawa zake za sukari. Akanishangaa. Alikuwa ameziacha tangu siku ile ya mnada. Na huyu ni mwanamke ambaye tangu azaliwe hajaonja samaki. Kwa wazee wetu wa Kimeru, samaki na nyoka ni kitu kimoja. Kila asubuhi alikuwa anaziba pua anakunywa, kwa sababu mimi nilisema.

"Kwani wewe hukuacha?" akaniuliza.

Nilibanwa, jamani. Nikisema kweli, kanisani nitaiweka wapi sura yangu? Nikinyamaza, mguu ule unakwenda. Nilikaa pale nalikodolea macho lile kopo, limewekwa dirishani kwa heshima karibu na Biblia.

"Mama mdogo, vidonge sikuacha hata siku moja."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Nikamwambia twende hospitali sasa hivi, akakubali, akaomba kitenge chake. Nilipomshika mkono kumwinua, akaniuliza wale wengine niliowaagizia ni akina nani. Nawajua wote. Wawili tunakaa nao benchi moja.

"Basi Jumapili usimame tena," akasema.

Kidole hawakuweza kukiokoa, wamekikata jana. Leo ni Jumamosi. Gauni la kanisani nimeshalipiga pasi, nimelitundika mlangoni, na tangu asubuhi nashindwa kulitazama.