Kioo cha Mama na Sinema ya Babu Khalfan

Juzi hapa mjukuu wangu Hail alikuwa ananisaidia kupanga stoo. Akafungua bati la biskuti lililokwishapata kutu, nyumba nzima ikanuka. Akakimbilia nje kaziba pua, yeye daktari anayepasua watu matumbo.

"Bibi, kuna panya kafia humu."

Panya hanuki vile. Harufu ile naijua: kama soksi za mtu aliyetembea kutwa, halafu zikatiwa ndani ya siki. Ni filamu za zamani zikioza. Nilikaa palepale juu ya gunia la mchele, bati nimelipakata, nikalia mpaka yule mtoto akaniletea mashine ya kupima presha. Presha yangu haikuwa na neno. Kilichonisibu hakipimwi kwa mashine.

Mimi kusoma sikusoma sana, kwa hivyo n'takuelezeni kama nnavyosema.

Tulifika Maskati mwaka ule wa sitini na nne, mimi na mama yangu, na sanduku moja la nguo. Wengine walikimbia Unguja na dhahabu, mama alikimbia na kioo chake cha arusi, kipana kama ubao wa dirisha, fremu ya msaji, kakizongea godoro. Baba alibaki nyuma. Alisema anafunga duka, atatufuata kwa meli ya pili. Mimi nilikuwa mtoto wa kung'oka meno ya mbele, nikawa kila siku nauliza meli ya pili imefika wapi.

Tulifikia kwa Babu Khalfan, ami yake mama, aliyekuwa akikaa na dada yake, Bi Zuwena, ndani ya ukuta wa mji. Bi Zuwena alikuwa mwanamke mnene, mcha Mungu, na mdomo wake ukikupitia unatazama kama bado una ngozi. Babu alikuwa mwembamba, ndevu za hina, hacheki ovyo. Ujanani alipelekwa Bombay kuuza tende, tende akaziacha ghalani akapotelea kwenye sinema. Si kutazama, alikuwa akizitengeneza. Zama zile sinema zilikuwa bubu, watu wanafungua midomo sauti haitoki, na yeye ndiye aliyekuwa akiwaamuru: wewe lia, wewe anguka, wewe geuka taratibu kama mtu aliyesikia jina lake. Zilipokuja sinema za kusema, zile zake zikatupwa, na yeye akatupwa pamoja nazo. Akaja Maskati na mashine ya kuzungusha kwa mkono na mabati ya filamu, akawa anatengeneza mataa ya watu. Huko Bombay hakuna aliyemkumbuka. Na Maskati aliyejua alikuwa akiona haya kwa niaba yake.

Nyumbani hapakuwa na umeme, na sinema ilikuwa jambo la kujificha. Lakini hii haina kelele, jirani atasikia nini? Kila Alkhamisi baada ya dhuhuri, wanaume wamelala, Babu alikuwa akitundika mablangeti kwenye madirisha ya chumba cha chini. Mlangoni palikuwa na tundu. Kile kioo cha mama kinawekwa uani, kinalidaka jua, kinalirusha tunduni, jua linapita ndani ya mashine na picha zinatoka ukutani. Mimi nilikuwa natumwa nje kila kitambo nikakisogeze, maana jua linahama. Mpaka leo nikipita pahala pa jua kali nasikia krrr, krrr ya ule mkono wa mashine.

Wanawake wa mtaani walikuja na kashata zao kama waendao arusini. Yule mwanamme wa kwenye picha alikuwa na macho makubwa yaliyopakwa wanja, na akigeuka kutazama mbele, wanawake wote walikuwa wakivuta shungi kujifunika. Bi Zuwena alikuwa akijifunika gubigubi halafu anachungulia kwa jicho moja.

"Khalfan, mwambie mtu wako asitutazame hivyo."

"Ameshakufa zamani, Zuwena."

"Basi na macho yake yafe."

Hizo ndizo siku nnazotaka kuzikumbuka. Lakini haziji peke yao.

Alishuka mtu bandarini Matrah, katoka Unguja, akaja kumtafuta Babu, wakasimama barazani wanasema chini chini. Baada ya hapo nyumba ikabadilika. Mimi niliambiwa baba kachelewa. Lakini nina masikio, na Bi Zuwena hakujua kunong'ona.

"Mumeo kauliwa, mwanangu, na kuzikwa kazikwa. Mola amrehemu. Vaa nyeupe ukae eda, na hicho kioo kigeuze ukutani."

Mjane wa kwetu alikuwa hatoki, hajipambi, wala hatazami kioo mpaka siku zake zitimie. Eda kwangu mimi ilikuwa mambo ya vizee. Sikulinganisha neno lile na baba yangu anayenunua peremende.

"Huyo mtu aliona kwa macho yake?" mama akauliza.

"Aliambiwa na aliyeona."

"Basi aliyeona aje hapa aniambie mimi. Akija, n'takaa."

Na asubuhi yake akakaa mbele ya kioo akapaka wanja, akavaa bangili zake, akachana nywele mbele ya mlango ulio wazi ili kila mtu amuone. Alikuwa hali chakula. Usiku alikuwa halali. Jirani walianza kupunguza salamu, wanasema mjane gani huyu mwenye wanja, anamkosea marehemu, anajitia laana. Bi Zuwena alimuogopea Mungu, Babu alimuogopea akili. Mimi nilimuona mama yangu mzuri kuliko wote, nikajivuna naye mtaani.

Alkhamisi ilipofika ni yeye mwenyewe aliyekibeba kioo kukipeleka uani. "Chukueni. Cha mke wa mtu hicho, hakina eda."

Sinema yenyewe Babu alikuwa akituonesha kipande kwa kipande. Ilikuwa ya mwanamke aliyeagana na mumewe, yule wa macho ya wanja, stesheni ya treni, mume akapotea, wakwe wakamfukuza, akawa anauza bangili moja moja na kila jioni anawasha taa dirishani. Maandishi yake yalikuwa ya Kigujerati, hakuna aliyeyajua, Babu alikuwa akitusomea. Basi mama akaanza kumtangulia. Yule mwanamke akifungua mdomo ukutani, mama yangu anasema gizani, sauti kavu kabisa: "Sijafiwa mimi. Nnangoja." Na Babu anasema, ndivyo, ndivyo palivyoandikwa. Wanawake wakaacha kutafuna kashata zao.

Kipande cha mwisho Babu alikuwa akikisifu tangu siku ya mwanzo, yeye asiyejisifu hata kwa kufunga kilemba. Alisema hicho ndicho kitu kizuri alichowahi kufanya duniani. Bombay watu walitoka nje hawavioni viatu vyao kwa machozi. Nilikuwa nikikingoja kama Sikukuu.

Siku yenyewe tulianza kile cha kabla yake. Mwanamke yuko dirishani, taa mkononi, kanyanyua uso. Mama akauliza, si kwa sauti ya mchezo:

"Ami. Wewe ndiye uliyeitengeneza. Anarudi au harudi?"

Mkono wa Babu ukasimama. Mashine ile haitakiwi kusimama hata kidogo, jua linaichoma filamu. Ukutani, kwenye shavu la yule mwanamke, likatokea doa la hudhurungi, likapanuka, likaanza kula jicho. Wanawake wakaruka. Babu akalikandamiza lile tundu kwa kiganja chake, chumba kikawa giza tupu, kinanuka moto.

Kutoka humo gizani akasema: "Harudi, mwanangu."



"Na kipande cha mwisho?" Bi Zuwena akauliza.

"Kimeharibika. Kimeingia maji."

Mama hakulia pale. Alitoka uani akakinyanyua kioo, akaingia nacho chumbani. Nilipomfuata nilikikuta kimegeuzwa, mbao nje, na yeye anavua bangili. Akamwita Bi Zuwena amletee nguo nyeupe. Ndipo nilipomsikia analia, na kilio kile sitaki kukieleza. Baadaye akalala, akaamka akala uji.

Mimi nilinuna. Nilimnunia Babu kwa kutunyima mwisho, nikamnunia mama kwa kuchukua kioo. Hata eda ilipokwisha sinema haikurudi. Babu alisema mashine imekufa. Akarudi kwenye mataa yake ya mafuta, na akafa kabla mtaa wetu haujauona umeme. Mabati yake Bi Zuwena aliyatupa. Hili moja, lililofungwa kwa kitambaa na kutiwa nta, lilitokea kwenye sanduku la mama alipokufa. Sijui kama aliwahi kulifungua. Mimi nililiweka stoo nikalisahau.

Juzi mjukuu wangu alinisaidia kuinyoosha filamu iliyokuwamo. Imegandana kama halua, ila pembeni picha chache zimesalimika. Tukazinyanyua dirishani, tukazitazama kwa jua. Ni yule mwanamke na taa yake. Mlango uko wazi nyuma yake. Na mlangoni kasimama mwanamme, begi mkononi, yule yule wa macho ya wanja, na mwanamke anageuka taratibu kama mtu aliyesikia jina lake.

Maji hayakuwahi kuigusa.

Baada ya Alkhamisi ile Babu alikaa siku nyingi na kiganja kimefungwa kitambaa. Mimi nilidhani alikuwa akizuia moto.