Kigari Kilichosafiri Bila Mtu

Nianze kwa kukuambia kwamba siku hiyo nilikuwa mzima. Sikuwa na homa, sikuwa nimelewa, na nilikuwa nimekula wali wangu na samaki kama watu wengine. Ilikuwa mchana kweupe, jua la utosi, na mkononi nilikuwa na mita ya kupimia umeme. Nayasema haya mapema kwa sababu kila nikisimulia, mtu hunikatiza aniulize kama nilikuwa nimelala vizuri. Nimechoka kujibu. Ukitaka kusikia sikiliza, usipotaka niache nipumzike.

Mimi ni fundi wa umeme wa magari. Nilitoka Nakuru nikaja Maskati katikati ya miaka ya tisini, nikapata kazi Sib, kwenye sanaiya, huo mtaa wao wa magereji. Kazi yangu kubwa ilikuwa betri. Joto la kule linaziua betri bila huruma. Kwa siku moja watu kumi au kumi na watano walisimama mlangoni wakisema, "Fundi, nipe moto," nami nikachukua nyaya zangu nikaenda kushtua gari la mtu liwake.

Mmoja wa wateja wetu alikuwa Bwana Seif, Mwarabu wa Unguja, mtu wa ofisi ya serikali. Nyumbani kwao Kiswahili ndicho kilichotawala, na ndiyo maana alinipenda. Alikuwa amenunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akihama gari la ajabu, basi dogo lenye vitanda, jiko na choo ndani. Nyumba kwenye magurudumu, unaelewa? Wakati wa baridi aliijaza familia yake wakaenda kukaa jangwani siku tatu, nne. Na kwa kuwa nyumba hiyo haiwezi kukatiza kila mahali, nyuma yake alivuta kigari kidogo kwa chuma, magurudumu yote manne chini.

Kigari hicho hakikuwa cha matembezi. Mama yake, Bi Salma, alikuwa na pumu, na hakukubali kuachwa nyumbani hata kwa dawa. Kigari kilikuwa cha kumkimbiza hospitali. Sasa sikia: safari ya kwanza, pumu ilimbana huko jangwani, Bwana Seif akaruka kwenye kigari, akazungusha ufunguo, kimya. Betri imekufa. Gari kubwa nalo lilikuwa limezama mchangani. Bibi aliokolewa na wageni waliopiga kambi jirani, uso ushaanza kuwa wa buluu.

"Fundi," Bwana Seif aliniambia alipokileta, "mara ya pili sitopata watu jirani. N'nakuomba, hichi kigari kifike na moto wake."

Nikamwambia hakuna shida. Kwa kweli sikuona shida. Gari linalovutwa lazima ufunguo uwe umezungushwa hatua moja, la sivyo usukani unajifunga na gari haliwezi kufuata kona. Na ufunguo ukikaa hapo masaa sita, redio na vitu vingine vinakunywa betri taratibu. Ni kosa la kawaida. Nikatoa fyuzi zisizohitajika, nikavuta waya mnene kutoka gari kubwa hadi kwenye betri ya kigari ili ichajiwe njiani. Kazi safi, nakuapia.

Tukaenda kujaribu, tukarudi. Imekufa.

Nikaweka betri mpya. Imekufa. Safari ya tatu nikafungua kabisa kichwa cha hasi, betri ikakaa haijaungwa na kitu chochote duniani, imekaa tu kama tofali. Tukazunguka mji, tukarudi, nikapima. Imekufa! Wewe niambie, betri isiyoungwa na kitu inamlisha nani? Gereji nzima walinicheka. Msimamizi wetu akasema labda nirudi kwetu nikalime viazi.

Sikulala siku mbili nikimfikiria yule bibi. Siku ya tatu nikapata wazo.

Ilikuwa Alhamisi, siku ya mapumziko ya serikali wakati huo, na gereji ilifungwa mchana kama kawaida kwa ajili ya jua. Nikarudisha kila waya mahali pake. Bwana Seif akaendesha, mimi nikakaa nyuma kabisa ya gari kubwa, kitandani, mbele ya dirisha la nyuma, nikikitazama kigari. Nilikuwa nimevuta nyaya mbili nyembamba kutoka kwenye betri yake hadi kwenye mita iliyokuwa mapajani mwangu, nikaacha na mlango wake bila kufungwa kwa ufunguo ili nikimbilie haraka. Safari hii nitamwona mwizi, nilijiambia.

Kutoka Sib hadi Qurum, volti kumi na tatu na nusu. Vizuri. Tukapita bandarini Mutrah, bado kumi na tatu na nusu. Nikaanza kusinzia. Tulipoupanda mlima wa kwenda Sidab namba ikaanza kushuka. Kumi na mbili. Kumi na moja. Tisa. Nikaugusa ule waya mnene wa kuchajia, nikaukuta una joto, maana yake umeme ulikuwa unapita kwenda nyuma, tena mwingi. Ulikuwa unaishia wapi?

Nikainua macho.

Usukani wa gari linalovutwa hujizungusha wenyewe, huenda huku na huku bila mkono wa mtu. Ukishazoea haukutishi. Lakini siku hiyo juu ya usukani kulikuwa na paji la uso. Mtu alikuwa amekaa kwenye kiti cha dereva, ameulalia usukani, mikono imening'inia. Tukikata kona kushoto, kichwa kinakwenda kushoto. Tukikata kulia, kinakwenda kulia. Alikuwa amelala fofofo.

Sikuogopa. Kwa nini niogope? Nilidhani ni kibarua fulani aliyechoka, kaingia tuliposimama kwenye taa za Mutrah, na nikaona atakufa kwa joto humo ndani. Nikampigia Bwana Seif kelele asimame. Akasimama karibu na nyumba za kwanza za Sidab. Hapakuwa na mtu nje, hata paka. Bwana Seif alibaki na mguu kwenye breki, kwa sababu breki ya mkono ya gari lile haikuaminika mteremkoni. Nikashuka peke yangu.

Vioo vya milango ya kigari vilikuwa na ukungu kwa ndani, kama vya friji. Nikafungua mlango na baridi ikanipiga miguuni. Mtu huyo alivaa ovaroli kama yangu, imepauka hadi haina rangi, miguu mitupu yenye vumbi. Sura yake ya kawaida tu. Ningemkuta sokoni nisingemtazama mara mbili.

"Kaka, samahani," nikamwambia, "shuka tafadhali. Hili gari linavutwa."

Akainua kichwa polepole. "Mie nilikuwa nishapata pa kulala," akasema, kwa Kiswahili cha Unguja. "Hamna mtu humu. Hapana aliyenambia kwamba pana mwenyewe."

"Sasa nimekuambia."

"Basi ntashuka, wala sirudi tena." Akanitazama. Macho yalikuwa ya mtu aliyechoka kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. "Lakini n'na safari, na nguvu sina. Nipe moto kidogo, nifike."

Sikumuuliza afike wapi. Sentensi ile nilikuwa nimeisikia tangu asubuhi mara saba au nane, na mdomo ulijibu wenyewe kama ulivyomjibu kila mtu.

"Hakuna shida, kaka. Chukua tu."

Akanipa mkono, nikaupokea. Hakuyeyuka, hakugeuka moshi kama wanavyosimulia wengine. Alishuka, akanishukuru, akapanda kwenye majabali kwa haraka, mgongo umenyooka, kama mtu aliyelala wiki nzima. Mimi nikakaa chini, kwenye lami inayochoma, kwa sababu miguu ilikataa. Niamini, lami ile iliniunguza na sikuweza kuinuka.

Bwana Seif aliniona kwenye kioo. Ananiambia hadi leo kwamba aliniona nimeinama kwenye gari tupu, naongea, kisha nikanyoosha mkono nikashikana na hewa. Alitia gia, akaruka chini akaweka mawe kwenye magurudumu, akaja kunibeba. Mita kitandani ilikuwa imerudi kumi na tatu na nusu.

Tuliporudi Sib, nyumbani kwa Bwana Seif, Bi Salma alikuwa barazani. Alinitazama mara moja akaagiza maji.

"Shikamoo Bibi," nilisema.

"Marahaba mwanangu. Kaa. Una nini weye?"

Nikamweleza yote. Hakucheka. Akamgeukia mwanawe.

"Seif, mkiondoka hapa, huwa mnasoma bismillahi?"

"Tunasoma, mama. Hatupandi chombo bila ya bismillahi."

"Mnaposomea ni gari kubwa. Hichi kigari nani hukipanda?"

"Hapandi mtu, mama. Kinavutwa."

"Basi nani hukitia bismillahi?"

Bwana Seif akakigeukia kigari. Nami ndipo nikaelewa. Ufunguo umo ndani, umezungushwa, gari linatembea barabarani saa ile watu wote wamejificha jua, na hakuna aliyekaa ndani yake kulitaja jina la Mungu. Kwao hata sahani ya wali isiyotiwa bismillahi haiachwi wazi, maana asiyeonekana atakula pia. Na mimi, fundi mwenye mita, nilikuwa nikitafuta waya uliokwaruzika.

"Na alipokuomba moto," bibi akaniuliza, taratibu sasa, "ulimjibu vipi?"

"Nilimwambia hakuna shida. Achukue tu."

"Achukue kiasi gani?"

"Sikusema kiasi, Bibi."

Akanishika mkono. Akaushika kwa muda, akausugua kati ya viganja vyake kama unavyomsugua mtoto aliyetoka kuoga, akaanza kunisomea. Alilia. Nilishangaa kumwona mama mtu mzima akinililia mimi, fundi wa sanaiya, wala hata dini yangu si yake.

Kigari hakikufa tena. Toka siku ile Bwana Seif hukaa kwanza ndani yake, husoma bismillahi, kisha ndipo huenda mbele. Msimu uliofuata pumu ilimbana bibi huko huko jangwani, vibaya kuliko mwanzo, na kigari kikawaka kwa mguso mmoja. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu wangemzika. Aliishi miaka sita zaidi. Aliona vitukuu.

Mimi je? Mimi nimechoka. Sizungumzii uchovu wa kazi, huo naujua. Nalala masaa kumi naamka kama niliyebeba magunia. Nimepimwa damu, moyo, sukari, hospitali za Maskati na za Nairobi, wananiambia niko sawa kabisa, nipunguze mawazo. Mchungaji wangu ameniombea hadi akachoka yeye. Mikono yangu ni baridi hata mwezi wa saba, joto la Maskati likiwa kali, na mke wangu huivuta kanga ikae katikati yetu. Kazi ya ufundi niliiacha kwa sababu siwezi kusimama.

Kuna jambo moja sijawahi kumwambia Bwana Seif. Bi Salma alipofariki, usingizini, kwa uzee wake, nilienda mazishini nikasimama nyuma na kulia kweli. Nilimpenda. Lakini usiku huo nililala nikiwa na tumaini la aibu, kwamba labda nilichotoa kilikuwa kinamshikilia yeye, na sasa kitanirudia. Niliamka alfajiri nikakaa kitandani, nikajipima. Nikainua mkono wa kulia. Ulikuwa mzito vilevile. Nikalia tena, na mara hii sikuwa namlilia yeye.

Kwa hiyo wewe unayevuta gari nyuma ya gari, fanya yote ya fundi, toa fyuzi, vuta waya, funga vizuri. Kisha ingia ndani ukae kidogo, umtaje Mungu wako unavyomtaja, ndipo ushuke. Usiache kiti kitupu kisafiri. Na ukimkuta mtu amelala pale, mwache Mungu amwamshe. Usimsemeshe kwa upole, na usimpe mkono.