Muhuri Katikati ya Wimbo

Kazi yangu pale redioni ilikuwa kutunza muziki. Ilikuwa miaka ile redio binafsi zimeanza kuruhusiwa, na yetu ilikuwa mojawapo ya zile changa hapa Dodoma: vyumba vichache juu ya duka la vifaa vya ujenzi, magodoro yamepigiliwa ukutani kuzuia mwangwi, vumbi likiingia kila upepo ulipovuma. Nyimbo zote zilikaa kwenye kompyuta moja. Nyingi tulizipata kwa msambazaji wa Dar es Salaam, kwa leseni ya kuzirusha hewani tu. Kuzinakili na kuzitoa nje ya ofisi kulikatazwa, na mkurugenzi wetu alikuwa ametia saini kukubali hivyo.

Haukupita muda, nyimbo hizo zikawa zinauzwa mtaani kwenye kanda, nyingine kabla hata wenyewe hawajazitoa. Msambazaji akapiga simu. Mkurugenzi akaniita.

"Nyimbo zinavuja kwako," alisema.

"Zinavuja ofisini, bosi. Kompyuta ile wanaigusa watangazaji wote."

"Basi zuia."

Alisema hivyo kama mtu anayeagiza dirisha lifungwe, akarudi kwenye gazeti lake.

Nilianza kwa kung'oa kwenye kompyuta kifaa cha kuchomea sidii na kukifungia kabatini kwangu. Watangazaji walinuna, lakini nyimbo ziliendelea kutoka. Nikaweka neno la siri, kila mtu na lake. Baada ya siku chache wote walikuwa wanatumia la dada wa matangazo ya vifo, kwa sababu ndilo lililokuwa rahisi kukumbuka. Nikabadilisha. Jumapili moja nikiwa kanisani, mtangazaji wa zamu akasahau neno lake jipya, na redio ikakaa kimya saa ya nyimbo za dini hadi nikaja kuitwa katikati ya mahubiri. Aliyekaripiwa ni mimi.

Aliyeniumiza kichwa zaidi alikuwa mtangazaji wa kipindi cha asubuhi. Alikuwa na sauti ambayo wanawake wa sokoni walikuwa wanaiulizia, na alikuwa rafiki yangu. Tulikuwa tukinywa chai pamoja kila siku. Asubuhi moja niliingia studio kuchukua miwani yangu, nikaona waya umetoka kwenye tundu la visikilizio, umepita chini ya meza hadi kwenye redio kaseti iliyofunikwa kwa koti. Kanda ilikuwa inazunguka.

"Kaka, hii nini?"

"Naandaa kipindi," alisema bila kuona haya. "Unataka nizungumzie wimbo niliousikia mara moja tu? Nyumbani sina kompyuta."

"Na hizi kanda zinazouzwa stendi, nazo zinaandaa kipindi?"

"Mimi nampa shemeji mmoja tu. Akizitoa huko kwake, mimi nitajuaje?" Akavuta koti lake. "Dada, siku hizi umekuwa polisi."

Nilimweleza mkurugenzi. Alisema yule ndiye anayetuletea wasikilizaji, hawezi kumgusa, nitafute njia nyingine. Tangu siku hiyo kikombe changu cha chai nilikinywa peke yangu.

Njia nyingine niliyoipata ni muhuri. Nilichukua kila wimbo wa leseni, nikaupachikia katikati sauti nzito ya kiume ikitaja jina la redio yetu. Nilifikiri hivi: nani atanunua kanda yenye sauti ya redio ndani yake? Nilikaa kwenye kompyuta ile wiki nzima, macho yakiniuma, na nilipomaliza nilijiona nimeshinda.

Haukupita mwezi nikapanda basi la Kondoa kwenda kumwona shangazi yangu. Hata hatujatoka stendi, dereva akaweka kanda. Ulikuwa wimbo wa mama mmoja wa Bahi, mpiga zeze, ambao ulikuwa haujaanza kuuzwa popote. Ulipofika katikati, sauti ile nzito ikatangaza jina la redio yetu basi zima. Abiria mmoja akacheka na kuitikia, kama anavyofanya mtu anayeujua wimbo siku nyingi. Nilitamani nishuke.

Niliporudi nilikwenda moja kwa moja kwa mkurugenzi. Alinisikiliza, kisha akacheka hadi akafuta machozi.

"Mpaka Kondoa? Sasa hiyo si promosheni! Tena ya bure!"

"Bosi, tumekatazwa kuzitoa."

"Hatujazitoa sisi. Wewe endelea tu kuweka muhuri."

Yule mama wa Bahi alikuja mwenyewe, siku ya Jumatatu, amevaa khanga safi na viatu vyenye tope lililokauka. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia na kuomba asikie wimbo wake kama ulivyo kwenye kompyuta yetu. Nilimkalisha, nikamvalisha visikilizio. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Sauti ilipoingia alishtuka kama mtu aliyeguswa begani.

Alivua visikilizio taratibu.

"Mwanangu, huyu mwanaume ni nani?"

"Ni sauti ya redio, mama. Tuliiweka ili watu wasiibe."

"Pale nimenyamaza ili zeze lilie peke yake. Namlilia marehemu mama yangu pale." Alinitazama. "Na wameiba?"

"Ndiyo, mama."

Mkurugenzi, alipojua nani yuko ofisini, alitoka na tabasamu, akamwahidi kumhoji hewani. Mama alimshukuru kwa adabu, akasema hana haja ya kuhojiwa, anataka wimbo wake uondolewe kwenye kompyuta yetu. Kisha akaondoka kuwahi gari la Bahi. Mchana huohuo nilizifuta nyimbo zake zote mbele ya mtangazaji wa asubuhi. Alisimama mlangoni akinitazama, mikono mfukoni.

"Sasa kipindi cha kesho nitapiga nini?" aliuliza.

Hilo tu ndilo lililomsumbua. Hasira niliyoihisi siku ile bado naikumbuka.

Msambazaji naye alichoka. Leseni ilipokwisha hakutupa nyingine, akatutaka tufute kila kitu chake. Kompyuta ilibaki karibu tupu, na kwa muda mrefu tukawa tunarudia nyimbo zilezile za zamani, mahubiri na mazungumzo ya wabunge. Kwenye kikao cha wafanyakazi watu walisema kwamba haya yote yameletwa na ukali wangu, kwamba kabla sijaanza kufungafunga kompyuta hakuna aliyekuwa na shida. Mtangazaji wa asubuhi hakunitetea. Wala hakukaa sana baadaye. Alipata kazi kwenye redio kubwa ya Dar es Salaam, tukamfanyia sherehe ya kumuaga, na mkurugenzi akamsifu kuwa ni mtu aliyeupenda muziki.

Nilikula pilau langu. Kesho yake niliomba nihamishiwe idara ya matangazo ya biashara, na sikutaka tena kukabidhiwa ufunguo wa chochote.